Bofya Kulia, Uwe Mfalme

Hakuna ushauri wa kompyuta uliosambaa kama huu. Mwanafunzi analalamika kwamba mradi wake umegoma. Windows imemjibu kuwa hana ruhusa. Muda si mrefu jibu limefika kutoka kwa waliomtangulia darasani, na ni lilelile analopewa kila mwenye shida hiyo, awe Nairobi, Mwanza au Bangalore: funga Visual Studio, bofya kulia kwenye alama yake, iendeshe kama msimamizi. Anatii. Mradi unakubali. Kesho yake anaweka tiki kwenye sifa za programu ili iwe inafunguka hivyo siku zote, asisumbuliwe tena. Baada ya miaka michache yeye ndiye anayeulizwa, na ushauri anaoutoa mnaujua.

Linaitwa suluhisho. Mimi naliita deni, na jina lililoandikwa kwenye hati ya deni hilo si la mwanafunzi wala la aliyemshauri.

Hoja yenyewe, kama wanavyoisema wao

Mwandishi wa programu, wanasema, si karani wa masjala. Kazi yake inagusa matumbo ya mfumo: anasajili vijenzi, anafungua poti, anaambatisha debaga kwenye huduma inayoendeshwa na mfumo wenyewe. Kila kidirisha cha kuomba idhini kinamkatiza mawazo, na mawazo ndiyo mtaji wake. Isitoshe, kompyuta ni yake. Mwizi akishaingia kwenye akaunti yake ya kawaida amekwishapata barua pepe, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, picha, na msimbo wote. Huko kwenye usimamizi ataongeza kuiba nini, dereva za printa? Mwisho hutoa turufu: Microsoft wenyewe wamekiri kwamba kile kidirisha cha idhini si mpaka wa usalama. Kama aliyekijenga hakiamini, sisi tukiheshimu kwa lipi?

Nimezisema kwa nguvu ileile wanayozisema. Sasa tuzipitie, ingawa si kwa mpangilio wao.

1. Umempa nani mamlaka?

Tangu Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, mwenye akaunti ya usimamizi akiingia kwenye kompyuta hupewa tokeni mbili. Moja imepunguzwa makali, nayo ndiyo inayotumika kwa kila anachokifungua. Ya pili ina mamlaka yote na hukaa pembeni mpaka iombwe. Mchakato ukizaa mchakato mwingine, mtoto hurithi tokeni ya mzazi. Ndiyo kanuni yenyewe, na haiwahurumii wenye haraka.

Kwa hiyo anayeifungua Visual Studio kama msimamizi haishii kwenye Visual Studio. Amekwishaipa mamlaka kompaila inayoitwa nayo, na meneja wa vifurushi, na git pamoja na hati zilizotegwa ndani ya mradi, na kila kiongezi alichokisakinisha kwa sababu kilikuwa na rangi nzuri, na terminali iliyo chini ya skrini, na chochote kitakachoandikwa humo hadi jioni. Watu ambao hajawahi kuonana nao, walioandika vifurushi asivyovijua hata kwa majina, wote sasa ni wasimamizi wa kompyuta yake. Wala haulizwi tena, maana alishajibu "ndiyo" asubuhi.

Anayeona haya ni nadharia akumbuke Januari 2021. Google walitangaza kwamba wadukuzi wanaowahusisha na serikali ya Korea Kaskazini walikuwa wakiwatumia watafiti wa usalama miradi ya Visual Studio, kwa kisingizio cha kushirikiana nao katika utafiti. Ndani ya mradi kulikuwa na amri iliyopachikwa kwenye hatua ya ujenzi: ukiujenga tu mradi, maktaba yenye sumu inajiendesha. Waliolengwa walikuwa watu wanaoishi kwa kuwinda sumu kama hizo, si wanafunzi wa muhula wa kwanza. Oktoba mwaka huohuo, ua-parser-js, kifurushi kinachotegemewa na miradi mingi mno ya JavaScript, kilitekwa kwa saa chache. Aliyekisakinisha katika saa hizo aliletewa mchimbaji wa sarafu za kidijitali na, kwenye Windows, programu ya kuiba nywila. Hati za namna hiyo hujiendesha wakati wa usakinishaji wenyewe, kabla mtu hajaandika mstari hata mmoja. Zinajiendesha kwa mamlaka gani? Yaleyale aliyonayo mwenye terminali.

Na si lazima awepo adui. Mwaka 2011 hati ya kusakinisha Bumblebee, programu ya kadi za michoro kwenye Linux, ilikuwa na nafasi moja ya ziada katikati ya amri ya kufuta. Badala ya kufuta folda ndogo iliyomo ndani ya /usr, ilifuta /usr nzima. Februari 2018, toleo la 5.7.0 la npm, meneja wa vifurushi wa JavaScript, lilibadilisha umiliki wa folda za mfumo, /etc ikiwemo, kwa walioliendesha kwa sudo, amri ya kupandisha mamlaka. Wasiotumia sudo hawakuguswa. Hati ya Bumblebee nayo, bila mamlaka ya mzizi (root), ingeishia kulalamika kwamba haina ruhusa. Ni lalamiko lilelile ambalo mwanafunzi wetu amefundishwa kulinyamazisha.

2. "Wameshaniibia kila kitu"

Hii ndiyo hoja yao yenye meno, kwa hiyo nitakaa nayo. Ni kweli kwamba mwizi aliye ndani ya akaunti ya kawaida anaiba vinavyouma. Lakini tazama hesabu inavyopigwa: inajumlisha hasara ya mtu mmoja tu, mwenye kompyuta. Kompyuta ya mwandishi wa programu haitunzi picha zake peke yake. Kinachotengenezwa humo huenda kukaa kwenye kompyuta za watu wengine, na ndiyo maana wadukuzi wanaitaka.

Agosti 2009 kampuni za antivairasi zilitangaza kirusi kilichopewa jina la Induc. Hakikufuta faili, hakikuiba nywila. Kilitafuta tu kama kompyuta ina Delphi, zana ya kuandikia programu, toleo la 4 hadi la 7. Kikiikuta, kiliingia kwenye folda ya maktaba zake, kikajiandika ndani ya faili moja ya msingi iitwayo SysConst, kikaikompaili upya. Tangu hapo kila programu iliyojengwa kwenye kompyuta hiyo ilitoka na kirusi tumboni, ikiwa na jina la mwandishi wake na heshima yake yote. Folda ile kwa kawaida iko ndani ya Program Files, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Lakini kwenye Windows XP akaunti ulizofungua wakati wa kusakinisha zilikuwa za usimamizi, na waandishi wa Delphi walifanya kazi humohumo kama kila mtu. Kirusi hakikuhitaji kuvunja chochote.

Miaka kumi na moja baadaye ikaja SolarWinds. Katika tukio lililofichuka Desemba 2020, wavamizi walikuwa wameweka kwenye mashine za ujenzi za kampuni hiyo programu ndogo ambayo baadaye iliitwa Sunspot. Ilijiwashia haki ya kuchungulia michakato mingine, haki ileile inayotumiwa na debaga, kisha ikawa inaivizia MSBuild, zana inayojenga miradi ya Visual Studio. Kila Orion, programu ya kampuni hiyo ya kusimamia mitandao, ilipojengwa, faili moja ya msimbo ilibadilishwa kwa muda wa ujenzi, halafu ile ya asili ikarudishwa mahali pake. Kampuni ilikadiria kwamba wateja wasiofika 18,000 walipokea masasisho yenye sumu. Haki ile mtumiaji wa kawaida hana. Mwenye tokeni kamili ya usimamizi anayo, imelala, inasubiri kuamshwa.

Basi swali lao, usimamizi utaongeza nini, lina jibu. Utaongeza kuizima antivairasi. Utaongeza kupachika dereva ndani ya kiini cha mfumo, mahali ambapo hutaiona tena. Utaongeza kusoma kumbukumbu ya mchakato unaotunza siri za kila aliyeingia kwenye mashine hiyo, akiwemo fundi wa TEHAMA aliyepita asubuhi kukurekebishia printa kwa akaunti inayofungua kompyuta zote za ofisi. Kumbe printa nazo zimo.

Na turufu ya Microsoft? Mhandisi wao Mark Russinovich aliandika mwaka 2007 kwamba kupanda mamlaka kupitia kidirisha kile si mpaka wa usalama. Wanaomnukuu huishia hapo. Katika maelezo yaleyale alisema lengo la mpango mzima ni watu wafanye kazi kwa haki za mtumiaji wa kawaida na watengeneza programu waandike programu zinazotosheka na haki hizo. Anayetaka mpaka wa kweli akashauriwa akaunti yake ya kila siku iwe ya kawaida kabisa na ya usimamizi iwe nyingine. Yeye alisema kinga hii haitoshi. Wao wakasikia kwamba kinga haihitajiki. Microsoft haohao wametengeneza Visual Studio Code, ambayo ukiifungua kama mzizi kwenye Linux hugoma, hukueleza kwamba si vizuri, na haifunguki mpaka uongeze vigezo vya kukiri kwamba ndivyo ulivyokusudia. Sijaona anayeinukuu hiyo.

3. Programu inayomtii mfalme peke yake

Yote hayo ni hatari ambazo huenda zisimpate mtu maisha yake yote. Hili la tatu linampata kila anayefuata desturi hii, na halihitaji mdukuzi.

Chukua mwandishi anayejenga programu ya mauzo kwa ajili ya duka la stesheneri. Anaiandika na kuijaribu ndani ya Visual Studio yenye mamlaka yote, kwa hiyo programu yenyewe, kila anapoijaribu, inazaliwa msimamizi. Inaandika mipangilio yake ndani ya Program Files: sawa. Inaweka leseni katika sehemu ya rejista inayomilikiwa na mashine nzima: sawa. Inasikiliza poti 80 kupitia huduma ya HTTP ya Windows yenyewe: sawa. Mwandishi hajui kwamba ameomba makubwa matatu, kwa sababu hakuna aliyemkatalia. Kisha anaipeleka dukani. Muuzaji mwenye akaunti ya kawaida anaibofya, anapata kisanduku cha makosa, anapiga simu. Na mwandishi, ambaye kwake programu haijawahi kugoma, anajibu kwa utulivu kabisa: bofya kulia.

Sasa wa kubofya kulia si mtu wa kompyuta. Windows inadai nywila ya msimamizi, na mwenye duka hawezi kuja kila asubuhi kuiandika, kwa hiyo nywila anapewa muuzaji, au akaunti ya muuzaji inapandishwa cheo na habari inakwisha. Hilo ni duka ambalo wateja huingia siku nzima na flash zao wakitaka kuchapishiwa barua za maombi ya kazi. Kila flash, pamoja na vyote ilivyookota katika kompyuta za mji mzima, sasa inachomekwa kwenye mashine ambayo aliyeikalia ni msimamizi. Mwandishi aliokoa nusu saa ya kusoma kuhusu ruhusa za folda. Bili amepelekewa mtu ambaye hakuwepo wakati wa kuagiza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hiyo ni afadhali, maana programu iligoma waziwazi. Zile za kizazi cha Visual Basic 6, lugha ya mwaka 1998 ambayo haijakubali kufa, zina ugonjwa wa siri. Windows ikiona programu ya zamani ya biti 32, isiyotamka inahitaji mamlaka gani, inataka kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa, haiikatalii. Kimyakimya huyageuzia maandishi hayo kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya wasifu wa mtumiaji huyo, kila mtumiaji na yake. Faili ya Access yenye mauzo, kama ilikaa pembeni ya programu, inanakiliwa mara tu mtumiaji anapoiandika. Muuzaji wa zamu ya asubuhi ana daftari lake, wa jioni ana lake, na mwenye duka akiifungua programu kwa usimamizi analikuta la tatu: lile la asili, lisilo na mauzo yoyote ya wauzaji wake. Hakuna kosa lililotangazwa popote. Wenye kosa wanatafutwa miongoni mwa binadamu.

Malalamiko yakimfikia mwandishi, anafungua mradi wake kama kawaida yake, kwa usimamizi, na haoni tatizo. Hawezi kuliona: mchakato wenye mamlaka kamili haugeuziwi njia. Anaapa kwamba programu yake haina kasoro, na kwa jinsi anavyoitazama yeye, hasemi uongo.

Wapo watakaosema nachukua mfano wa kale, kwamba miradi mipya hutamka mapema kuwa inatosheka na haki za anayeiendesha. Ni kweli, hutamka, na matokeo yake ni kwamba haigeuziwi njia bali inakataliwa papo hapo. Ndipo mwandishi anapofungua faili ya tamko, anafuta hilo, anaandika kwamba programu inadai usimamizi, na kuuza. Yaani ametafutiwa njia ya kuugundua ugonjwa, akaitumia kuuandikia kibali.

4. Hata huo urahisi

Nitapita haraka hapa, maana wenyewe wanaujua usumbufu huu, ila hawaujui jina la baba yake. Visual Studio ikiwa na mamlaka, huwezi kuburuta faili kutoka kwenye dirisha la kawaida la folda na kuidondosha ndani yake. Tangu Vista, dirisha la daraja la chini haliruhusiwi kulitumia ujumbe la daraja la juu. Diski ya mtandao uliyoiunganisha kama Z: haionekani, kwa kuwa tokeni zile mbili ni vikao viwili tofauti. Hapo hutafutwa ushauri wa pili, wa kubadilisha rejista ili Z: ionekane pande zote mbili. Kwenye Linux mambo ni yaleyale kwa sura nyingine: ukisakinisha vifurushi kwa sudo leo, faili ndani ya mradi zinakuwa mali ya mzizi, kesho akaunti yako inashindwa kuzigusa, unatumia sudo tena, na mzunguko haukomi. Hawa ndio waliosema hawataki kukatizwa mawazo.

5. Kazi zinazodai kweli

Zipo. Anayeandika dereva anahitaji mamlaka. Anayeambatisha debaga kwenye huduma ya mfumo, au kwenye mchakato wa IIS, seva ya tovuti ya Windows, unaoendeshwa kwa akaunti nyingine, anahitaji. Nabisha tu idadi yake. Orodha hii inaimbwa kana kwamba ndiyo kazi ya kila siku ya kila mwenye kibodi, ilhali wengi wanaojifungulia ufalme kila asubuhi wanaandika fomu, ripoti na tovuti.

Sehemu kubwa ya kinachobaki inahitaji mamlaka mara moja tu. Kusikiliza anwani ya HTTP kupitia huduma ile ya Windows kunataka amri moja ya netsh, ile ya urlacl, iendeshwe na msimamizi siku moja. Baada ya hapo akaunti ya kawaida inaruhusiwa moja kwa moja. Kwenye Linux poti zilizo chini ya 1024 hupatikana kwa kuipa faili moja uwezo huo kwa setcap, au kwa kutumia 8080 na kuendelea na maisha. Chanzo cha kumbukumbu za matukio huundwa na kisakinishaji, ambacho ndicho mahali pake. Kijenzi cha COM kinaweza kusajiliwa kwa mtumiaji mmoja. Data za programu zina folda zake nje ya Program Files, na zimekuwepo muda wote. IIS Express ilitengenezwa ili tovuti ijaribiwe bila usimamizi. Dereva huandikiwa ndani ya mashine pepe, ambayo ikiharibika unaifuta. Na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 yenyewe ina sudo: amri moja inapandishwa, iliyobaki inabaki chini.

Kuna lalamiko moja wanalo ambalo silibishi: idara za TEHAMA zinazokaa wiki mbili na ombi la kuendesha amri moja ya netsh. Idara kama hizo ndizo zinazowafundisha watu kudai mamlaka yote kwa mkupuo, kisha hushangaa walivyoyatumia. Lakini kinachodaiwa hapo ni kujibiwa haraka. Kumpa kila mwandishi usimamizi wa kudumu ili idara isifanye kazi yake ni kuihurumia idara.

Ombi langu ni kwa wahadhiri wanaosahihisha miradi ya mwaka wa mwisho, na kwa wenye biashara wanaonunua programu za kuandikiwa. Kabla ya kutoa alama au kulipa awamu ya mwisho, fungua akaunti ya kawaida kwenye kompyuta, ingia nayo, endesha programu. Ikidai usimamizi, mwulize aliyeiandika ni kitendo gani hasa kinaudai, na akutajie kwa jina. Asipoweza kukitaja, mrudishie programu yake.